Siku 30 si mwezi

Dada yangu kamaliza kulipa friji lake wiki iliyopita, na badala ya kuambiwa ahsante kapewa bili ya faini. Shilingi 30,000. Hasira haijanitoka tangu siku hiyo.

Friji alilichukua Mlandege, hapa mjini Zanzibar, tarehe 14 Januari, siku mbili baada ya sikukuu ya Mapinduzi, kwa 900,000. Kianzio 300,000, zilizobaki alipe 100,000 mara sita, bila riba. Maneno hayo, "bila riba", yamebandikwa mlangoni kwa herufi kubwa, na ndiyo yaliyomwingiza ndani. Yeye ni mwalimu wa skuli, mtu wa hesabu zake. Kila tarehe 14 akituma pesa kwa simu, na ujumbe wa kila malipo kauweka. Kanionesha zote sita, hakuna mwezi alioruka.

Sasa karatasi aliyotia saini inasema "kila baada ya siku 30". Hebu hesabu na mimi. Siku 30 tangu 14 Januari ni 13 Februari. Inayofuata ni 15 Machi, maana Februari ina siku 28. Halafu 14 Aprili, 14 Mei, 13 Juni, 13 Julai. Kwa hiyo aliyelipa kila tarehe 14 kachelewa mara tatu, siku moja moja, na Machi kawahi siku moja ambayo hakuna aliyemhesabia. Kila kuchelewa, 10,000. Na tangu Februari hadi Julai hakuna aliyemwambia neno. Pesa inaingia, watu kimya.

"Da, mkataba ndivyo unavyosema," kijana wa dukani akamjibu.

Suratul Baqara tunaisoma chuo cha Qur'ani tangu wadogo. Aya ya 282, ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, ni ya deni. Inaamrisha deni la muda liandikwe, liwe dogo liwe kubwa, pamoja na muda wake. Na inataka anayetaja maneno ya kuandikwa awe yule anayedaiwa. Anayedaiwa! Dukani karatasi inakuja imeshachapwa, unaoneshwa kwa kidole pa kutia saini, na tarehe yenyewe, ambayo ndiyo roho ya mapatano yote, haimo. Mna siku 30 tu, ukazihesabu mwenyewe usiku kwa kibatari.

Na pesa iliyozidi kwa sababu siku imezidi, mimi naiita riba. Benki za Kiislamu zikitoza faini ya kuchelewa huitoa sadaka, haziitii kwenye faida yao. Duka lile limeitia kwenye droo.

Haya, wenye maduka nao wana machungu yao. Mzigo wameuleta kwa kontena, wao wenyewe wanadaiwa, na wapo wateja wakishabeba televisheni hawapokei simu tena. Lakini mkwepaji hazuiwi na siku 30. Anayenaswa ni yule anayelipa.

Nasi wanunuzi tuache "nitakuletea mwisho wa mwezi". Mwezi gani? Bi mkubwa wetu anahesabu kwa mifunguo, yaani miezi ya Kiislamu tangu Ramadhani inapokwisha. Akiahidi mfunguo sita yeye anakusudia Maulidi, mwenye duka anatazama kalenda ya ukutani, na mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi. Wote wawili wakweli, na watagombana. Tarehe itajwe, siku na mwezi wake, iandikwe mara mbili, kila mtu abaki na yake. Mwenye simu aitie kwenye simu, imkumbushe siku tatu kabla. Kazi hiyo haimalizi hata dakika tano.

Faini dada kailipa, maana risiti ya mwisho ilikuwa imezuiliwa.

Jana kaenda Darajani, duka jingine, kumkopea binti yake cherehani. Mwenye duka ni mtu mzima. Dada kamwambia, "Mjomba, nitaje mimi, uandike wewe." Kazitaja tarehe nne, moja baada ya moja. Mzee kaziandika kwa kalamu nyuma ya karatasi, kasaini yeye kwanza, kisha kampa dada kalamu. Karatasi hiyo sasa imebandikwa kwenye mlango wa friji.