Mashine ya Kupukuchua Mahindi Ilivyotupukuchua

Kikundi chetu kilikuwa na watu sita na vyeo saba. Mwenyekiti, Katibu, Mtunza Hazina, Mkuu wa Ubunifu, Mkuu wa Utafiti, Msemaji na Mratibu wa Karakana. Cheo cha ziada alijichukulia Mwenyekiti mwenyewe, akawa pia Msemaji, kwa maelezo kwamba ana sauti. Mimi nilichelewa kikao hicho, nikakuta nimeshapewa karakana. Yote haya yalipitishwa na kuandikwa kwenye muhtasari kabla hatujajua tunatengeneza kitu gani.

Tulikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi wa mitambo, katika chuo kimoja cha Dar es Salaam ambacho sitakitaja, maana bado kuna siku nitahitaji barua yao. Kazi ilikuwa hivi: kila kikundi kitafute tatizo la jamii, kisanifu kifaa cha kulitatua, kikitengeneze kwa mikono yake, kisha kikiwashe mbele ya jopo la walimu. Maneno "kwa mikono yake" yalikuwa yamepigiwa mstari kwenye karatasi. Nadhani walituona.

Mwenyekiti alitaka ndege isiyo na rubani. Ya kufanya nini, hakuwa na haraka ya kusema. Aliyetuokoa ni Mkuu wa Utafiti, dada mmoja mpole wa Kilosa, aliyesema kwao mahindi yanatiwa kwenye kiroba na kupigwa kwa mti mpaka yapukuchuke, punje nyingi zinavunjika, na punje iliyovunjika haikai ghalani, wadudu wanaianza hiyo. Katibu akasema mashine za kupukuchua mbona zipo, SIDO, wale wa viwanda vidogo, wanazo, na CAMARTEC kule Arusha kazi yao ndiyo hiyo hiyo ya zana za kilimo. Mwenyekiti akafikiri, akajibu kwamba yetu itakuwa na rangi ya bluu. Hoja ikapita.

Mkuu wa Ubunifu akajifungia na kompyuta yake. Alipotoka, wallahi, mashine ilikuwa nzuri. Fremu, ngoma yenye meno ndani, chekeche chini yake, mdomo wa kuingizia mahindi juu, mota pembeni na mkanda wake. Ukibonyeza inazunguka. Ukiburuta inageuka uione mgongoni. Chini ilikuwa na kivuli! Hesabu nazo zilikaa sawa: umeme wetu ni wa hezi 50, mota ya ncha nne za sumaku inataka kuzunguka mara 1,500 kwa dakika lakini inatereza kidogo inakuwa kama 1,440, kwa hiyo puli, yaani gurudumu la mkanda, ya inchi tatu kwenye mota na puli ya inchi sita kwenye ngoma, ngoma izunguke mara 720. Mwalimu akaangalia, akasaini. Nikapewa michoro, nikapewa nusu ya fedha, nikaambiwa, "Mratibu, karakana yako hiyo."

Gerezani, ule mtaa wa mafundi chuma hapo Dar es Salaam, usiende na michoro ya rangi. Nilipita kwenye vibanda vya wachomeleaji nikiwa nimeibeba ndani ya faili la plastiki, kila fundi ananiita "injinia" kwa sauti ambayo haikuwa ya heshima. Nikaishia kwa mzee mmoja aliyekuwa anakata geti la mtu. Nikamwamkia, akaitikia, akazima grenda, akaichukua karatasi kwa ncha za vidole. Aliitazama wima. Akaigeuza, akaitazama ya kulala.

"Hii shafti ni ishirini na tano nini?"

"Milimita, mzee. Vipimo vyote ni milimita, imeandikwa pale kwenye kona."

"Na beringi umenunua?"

Nilikuwa nimezinunua Kariakoo asubuhi ile, zimefungwa vizuri kwenye boksi zake, za tundu la inchi moja. Muuzaji aliniambia inchi moja na milimita ishirini na tano ni kitu kimoja, nami nilikuwa na orodha ndefu na jua kali. Mzee akapitisha shafti kwenye beringi. Ikacheza. Inchi moja ni milimita 25.4, na ile nukta nne, ambayo darasani huwa tunaizungusha bila huruma, ilikuwa inalia kwa-kwa-kwa mkononi mwake.

Hakusema neno. Aliinama chini ya benchi, akatoa kopo tupu la soda ya chungwa, akalikata kwa mkasi wa bati akapata utepe mwembamba, akaufunga kwenye shafti raundi mbili, akauhisi kwa kidole gumba kama mshonaji anayepima pindo, kisha akaigonga beringi kwa nyundo ya mbao. Ikaingia, ikashika, ikatulia. Puli zote mbili nazo zilikuwa na tundu la inchi moja, nazo zikapata soda yake. Mambo haya yote hayakuwa kwenye kivuli.

Nilipouliza mashine itakamilika lini niifuate, mzee alinitazama kwa muda.

"Karatasi yako inasema mmetengeneza nyinyi. Kesho njoo na suruali ya kuchafuka."

Nikaanza kwenda kila nisipokuwa na kipindi. Siku za kwanza nilikuwa mshika chuma: shika hapa, inua, usitingishe. Baadaye nikapewa grenda, na hakuna kitu kinachokufundisha unyenyekevu kama grenda, maana ukiilazimisha inakata njia yake, wala siyo yako. Kisha nikapewa mashine ya kuchomelea. Mstari wangu wa kwanza wa kuchomelea mzee aliuita kwa jina lake, mavi ya kuku, akachukua nyundo akaugonga mara moja tu na vyuma viwili vikaachana kama havijawahi kufahamiana. "Hujachomelea, umevisalimianisha," akasema. "Sikiliza sauti. Ikikaanga vizuri ndiyo inashika." Ukweli ni kwamba macho ndani ya kile kioo cheusi hayaoni kitu mwanzoni, masikio ndiyo yanatangulia. Wenzangu wakati huo walikuwa wanabishana kwenye WhatsApp kuhusu herufi za kwenye bango.

Fedha ziliisha kabla ya mashine. Mzee alibaki anadai elfu arobaini. Nilipeleka taarifa kwa Mtunza Hazina, naye akanijibu kwa emoji ya mikono iliyokunjwa. Niliibeba mashine mpaka chuoni kwa guta, huku mkokotaji akiniuliza kila kona kama hii kitu inasaga au inakoboa. Mzee akasema hana neno, atakuja mwenyewe siku ya kuionyesha.

Sasa, mahindi. Dada wa Kilosa alikuwa ameletewa gunia zima la mahindi makavu na mjomba wake, makavu hasa, yale ukiyatikisa yanalia. Likawekwa chumbani kwa Mwenyekiti, hosteli. Msimu huo bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, lilichelewa. Aliyewahi kusoma kwa mkopo anajua bumu likichelewa watu wanakuwaje: wanaanza kuamkiana vyumbani saa za chakula. Usiku mmoja Mwenyekiti na wenzake wa chumba waliliangalia lile gunia, gunia likawaangalia. Mtu akatokea na maharage.

Nilichokuja kukielewa baadaye, na ambacho mpaka leo kinanichekesha, ni kwamba gunia lile lilipukuchuliwa kwa mkono. Lote! Vijana wanane wenye njaa walikaa kwenye vitanda, wakalimaliza kabla ya saa sita usiku, kisha wakapika makande ya kula korido nzima. Kama jopo lingewaona usiku ule, lingeuliza mashine ni ya nini.

Habari hizo tulizipata asubuhi ya kuonyesha mradi. Dada wa Kilosa hakupiga kelele. Alifungua mkoba, akahesabu mahindi matatu makavu aliyokuwa ameyaweka akiba kwa ajili ya kupima unyevu, akaufunga mkoba. Mwenyekiti akampa Mtunza Hazina amri: tafuta mahindi, popote. Na Mtunza Hazina, ambaye tangu mradi uanze hakuwahi kutoa fedha kwa kasi, alirudi baada ya robo saa na rambo limejaa. Alikuwa amenunua kwa mchoma mahindi wa kituo cha daladala. Mabichi. Ukibonyeza punje kwa ukucha, maziwa yanaruka.

"Mahindi ni mahindi," akasema Mwenyekiti, ambaye vidole vyake vyote kumi vilikuwa vya bluu. Hapo ndipo ningeuliza vidole vile vimekuwaje, lakini jopo lilikuwa linaingia.

Walikaa watatu mstari wa mbele: Dokta aliyetusimamia, profesa mmoja mwenye shati jeupe lililopigwa pasi ikakubali, na mgeni kutoka kiwandani. Mashine ilikuwa inang'aa bluu tupu. Mwenyekiti akavaa sauti yake. Akaeleza tatizo la jamii, akaeleza mkulima, akaelezea usiku mrefu wa kubuni. Kila mara akisema "tulichomelea" alikuwa anagusa kifua. Kisha akawasha swichi.

Mlio haukuwa ule niliouzoea Gerezani. Pale ilikuwa inaguna. Hapa ilipiga mluzi. Nikatazama mkanda, nikatazama puli, nikaona ile kubwa iko kwenye mota na ile ndogo iko kwenye ngoma, zote zimepuliziwa rangi usiku kwa uzuri sana, zikarudishwa kila moja kwa mwenzake. Mkanda haukuwa wa kusema kitu, urefu ni ule ule ukizibadilisha. Badala ya mara 720, ngoma ilikuwa inaelekea 2,880. Kipenyo cha ngoma ile ni sentimita ishirini. Piga hesabu mwenyewe, utakuta ncha za meno zilikuwa zinakwenda zaidi ya kilomita mia kwa saa, mwendo ambao basi la mkoani likikamatwa nao dereva anashushwa.

Nikainua mkono. "Mwenyekiti..."

"Maswali baadaye," akasema, akadumbukiza hindi la kwanza.

Sikuliona likipukuchuka. Nadhani hakuna aliyeliona. Kulikuwa na sauti moja, pwaa, na hindi likatoka kule lilikoingilia likiwa uji. Kwa kuwa mdomo wa mashine ulielekezwa kwa wageni ili wauone vizuri, wakauona. Maziwa ya mahindi yalilipaka shati la profesa kuanzia kola hadi kalamu. Mgeni wa kiwandani alilala chini kwa weledi, nahisi kazini kwake wamefundishwa. Mwenyekiti, kwa mshtuko, akashikilia rambo kichwa chini, na mengine mawili yakaingia. Sasa magunzi yakawa yanapiga dari. Katibu alikuwa anarekodi video, na video ile ina sekunde chache za mashine na dakika nzima ya viatu vyake vikikimbia.

Kisha kimya. Mtu alikuwa amechomoa waya ukutani.

Alikuwa mzee wa Gerezani, na kofia yake mkononi. Alikuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo; mlinzi alimruhusu kwa sababu alisema amekuja kumwona Mwenyekiti kwa jambo lake.

"Nani amegeuza puli?" akauliza, kwa upole kabisa.

Hakuna aliyejibu. Tulitazama vidole vya bluu, navyo vikarudi mfukoni.

Mzee akatoa spana ya 13, akanipa mimi, yeye akashika mota. Tukalegeza, tukatoa mkanda, tukazibadilisha puli, tukakaza skrubu zake, tukavuta mota mkanda ukakaza. Jopo lilikuwa linajifuta na kutazama. Dada wa Kilosa akafungua mkoba wake. Nikachomeka waya. Mashine ikaguna ile sauti yake, hindi kavu likaingia juu, punje zikamwagika kwenye beseni kama zilivyokuja duniani, gunzi likatoka pembeni jeupe. La pili hivyo hivyo, na la tatu. Basi, mahindi yakaisha, mengine yalikuwa yameshaliwa na maharage.

Dokta akasogea, akainama kwenye beringi, miwani bado ina ukungu wa maziwa.

"Hii bushi ya hapa ni ya malighafi gani?"

Mwenyekiti, ambaye hakuwahi kufika Gerezani, sauti ikamrudia. "Hiyo ni aloi maalumu ya alumini, Dokta. Tuliichagua kwa sababu ya wepesi wake."

Dokta akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena, akasoma polepole herufi zilizokuwa zinachungulia ukingoni mwa shafti.

"Yenye ladha ya chungwa," akasema.

Profesa alicheka mpaka akajishika shati, akakumbuka lilivyo, akaliachia. Aliuliza swali moja tu, nani amechomelea kiungo cha chini kulia. Mzee akaninyooshea kidole. Profesa akakigonga kwa spana mara mbili, kikalia vizuri, akaandika kitu.

Fomu ya tathmini ilitoka jioni. Tulifaulu, siyo kwa kishindo. Kwenye nafasi ya maoni walikuwa wameandika kwamba mashine iwekewe kinga kwenye mkanda na mdomo uelekezwe kwa adui. Chini yake, kwa kalamu nyekundu: "Fundi anadai shilingi 40,000. Alipwe kabla alama hazijapelekwa."

Sijawahi kumwona Mtunza Hazina akikimbia namna ile.