Handaki la Kondoa na waliobeba mizigo

Kutoka Dodoma mjini hadi Kondoa siku hizi ni lami tupu, saa mbili na ushee umefika. Nilikwenda kuona mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mzee aliyetupandisha kilimani alisimama penye kishimo kilichojaa miiba na mavi ya mbuzi, akagonga jiwe kwa fimbo. "Hapa." Basi. Anayetaka ngome ya kupigia picha aende Kilwa.

Lakini Mei 1916 mstari wa vita ulipita hapa hapa. Jenerali Van Deventer wa Afrika Kusini, upande wa Waingereza, alikuwa ameingia Kondoa Aprili, masika yakamfungia njia nyuma yake huku farasi wakimfia. Lettow-Vorbeck akaleta jeshi la Wajerumani kwa treni hadi Dodoma, kisha kwa miguu, akashambulia usiku wa tarehe 9 Mei. Akashindwa. Hata mzinga uliong'olewa kwenye manowari Königsberg, iliyoishia delta ya Rufiji 1915, uliburutwa hadi huku.

Uliburutwa na nani? Mzee wetu aliwajua majenerali wote wawili, tena majina yao anayatamka vizuri kuliko mimi. Wapagazi akawaita "watu". Simlaumu, ndivyo tulivyosimuliwa sote.

Mimi ni Mgogo. Nyumbani vita hivi hukumbukwa kwa jina moja tu: Mtunya, njaa iliyoshika Ugogo 1917 hadi 1920. Majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua vijana wa kubeba mizigo. Mvua ilipogoma, ghalani hamna kitu na shambani hakuna mtu. Ukame kwetu si mgeni, na wazee walikuwa na dawa yake: unaswaga ng'ombe, unarudi na mtama. Safari hii ng'ombe kaliwa na askari, na jirani mwenye mtama naye kaporwa.

Dar wana Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, ingawa wauza viatu pale hawana habari nalo. Siku kikiwekwa kibao kwenye kilima hiki, ningependa kianze na mpagazi, majenerali wafuate chini kwa herufi ndogo.

Wakati wa kushuka goti liliniuma, kijana mmoja akanipokea begi. Tulikuwa tumeshafika chini ndipo nikakumbuka kumuuliza jina.