Vyuo 32 ndani ya jina moja

"Mama, hiki chuo hakipo."

Kijana wa dirishani hakuwa na ubaya wowote. Alipitisha kidole kwenye orodha ya kompyuta, akashuka hadi chini, akapanda tena juu, kisha akanirudishia cheti changu kwa mikono miwili kama mtu anayetoa rambirambi. Chuo nilichosomea stashahada kiliunganishwa na vingine zamani, kikapewa jina jipya, na kwenye orodha yake lilikuwamo hilo jipya peke yake.

"Sasa kama hakipo, mwanangu," nikamuuliza, "mimi nilisoma wapi?"

Akacheka. Nami nikacheka, ila nilirudi nyumbani nimenuna.

Tangu siku ile kila nikisikia vyuo vimeunganishwa, swali langu la kwanza ni moja: majina ya zamani yamekwenda wapi? Na katika kusomasoma kwangu sijaona mahali ambapo swali hilo ni zito kama Tehran, kwenye Chuo Kikuu cha Allameh Tabataba'i. Hiki ni chuo cha serikali, kinachosifika nchini Iran kwa sayansi za jamii, uchumi, sheria, uongozi wa biashara, saikolojia, lugha na mawasiliano. Mwaka wake rasmi wa kuzaliwa ni 1984. Lakini mtoto huyu alizaliwa na ndevu, maana alikusanywa kutoka taasisi 32 za elimu ya juu zilizokuwapo kabla ya mapinduzi ya 1979 yaliyomng'oa Shah, mfalme wa Iran.

Thelathini na mbili! Tumezoea kuambiwa fahali wawili hawakai zizi moja.

Tuanze na zilikotoka. Miaka ya 1960 na 1970 Tehran ilikuwa inafura. Fedha za mafuta zinaingia, watu wanahamia mjini, vijana wanamaliza sekondari kuliko viti vilivyopo vyuo vikuu, na mtihani wa kuingia, wenyewe wanauita konkur, unawachuja bila huruma. Hapo ndipo zikaota taasisi ndogondogo za kila namna. Nyingi ziliitwa madrese-ye ali, yaani shule ya juu. (Msomaji wa pwani asikimbilie kuwaza juzuu amma na mkeka. Kwa Waajemi madrese ni shule yoyote ile.) Kulikuwa na ya biashara, ya uhasibu, ya bima, ya tafsiri. Kila moja ilikuwa na kazi yake mahususi, na mara nyingi ilizaliwa na watu wa kazi yenyewe waliochoka kusubiri chuo kikuu kiwaletee wahitimu wanaojua kitu.

Nitazame mbili tu, kwa sababu hizo mbili ndizo zilizonikamata.

Ya kwanza ni shule ya ustawi wa jamii. Aliianzisha mwanamke, Sattareh Farman Farmaian, mwaka 1958. Baba yake alikuwa mwanamfalme wa ukoo wa Kajari, mwenye wake kadhaa na watoto zaidi ya thelathini. Binti huyu alikwenda Marekani miaka ya 1940 kusoma Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, akarudi na fani ambayo kwao haikuwa hata na jina linaloeleweka. Mtu wa kulipwa kusaidia maskini? Si kazi ya jamaa na majirani hiyo? Akafungua shule, akawatoa wanafunzi darasani akawapeleka Tehran ya kusini kwenye vitongoji vya maskini, kwenye nyumba za mayatima, kwenye hospitali za wagonjwa wa akili, kwenye magereza. Shule ilikuwa ndogo, na udogo wake ndio uliokuwa nguvu yake: mwalimu anamjua mwanafunzi, mwanafunzi anaijua nyumba anayoitembelea.

Kisha yakaja mapinduzi. Februari 1979 alikamatwa na wanafunzi wake mwenyewe, wakiwa na bunduki, wakampeleka makao ya Ayatollah Khomeini, kiongozi wa mapinduzi. Aliachiwa, akaondoka nchini, hakurudi kuiongoza shule yake. Alifariki Marekani mwaka 2012. Shule aliyoijenga ikaingia kwenye lile rundo la 32.

Ya pili ni chuo cha mawasiliano. Hiki kilizaliwa na gazeti. Mostafa Mesbahzadeh, mwenye gazeti la Kayhan, alitaka waandishi waliofundwa, basi mwaka 1967 akafungua chuo cha uandishi wa habari na mawasiliano ya jamii. Mhimili wake kitaaluma alikuwa Kazem Motamednejad, aliyesomea Ufaransa. Fikiria raha ya mpango ule: mchana unafundishwa kuandika habari, na mwenye chuo ndiye mwenye gazeti. Mapinduzi yalipokuja, Mesbahzadeh alikuwa uhamishoni na Kayhan ikawa mikononi mwa dola mpya. Chuo kikabaki kama nyumba ambayo mwenyewe amesafiri na funguo.

Kwa hiyo nisidanganye. Sina ubavu wa kusema muungano ule ulikuwa dhuluma tupu. Shule nyingi za namna hii zilikuwa tayari zimefiwa. Waanzilishi wamekimbia, wafadhili wametaifishwa, na waliobaki hawana wa kuwalipa mshahara. Serikali (neno ambalo sisi wenyewe tuliazima kwa Waajemi, tukumbuke) iliwachukua yatima ikawaweka chini ya paa moja. Bila paa hilo wengine wangekufa kabisa.

Ninachogomba nacho ni namna ilivyofanyika.

Mwaka 1980 vyuo vikuu vya Iran vilifungwa kwa kile kilichoitwa Mapinduzi ya Utamaduni. Milango ilikaa imefungwa zaidi ya miaka miwili, huku walimu wakichujwa, wanafunzi wakichujwa, mitaala ikiandikwa upya ilingane na itikadi ya Jamhuri ya Kiislamu. Septemba mwaka huohuo vita na Iraki vikaanza, kwa hiyo vijana ambao wangepiga kelele getini wengine walikuwa mitaroni. Katika kimya hicho ndipo shule ndogo zilipopangwa mafungu. Zikaundwa jumuiya mbili kubwa, moja ya fasihi na sayansi za binadamu, nyingine ya utawala na biashara. Mwaka 1984 jumuiya hizo mbili zikaunganishwa, chuo kikapata jina.

Ukiwaunganisha watu wakiwa chumbani, watabishana. Mkuu wa shule ya tafsiri atasema wanafunzi wangu hawawezi kufundishwa pamoja na wa fasihi, maana wa fasihi anasoma shairi alifurahie na wangu anasoma mkataba asikosee koma. Mtu wa bima naye atadai chumba chake na mahesabu yake. Ubishi huo unachosha, unakula vikao na chai, lakini ndimo mnamojulikana nini kisipotee. Hapa hapakuwa na wa kubisha. Mwalimu aliyekuwa na wasiwasi kama jina lake limo kwenye orodha ya wanaofukuzwa hasimami kutetea jina la shule.

Na jina lililochaguliwa nalo lina habari yake. Allameh Sayyid Muhammad Husayn Tabataba'i alizaliwa Tabriz, akafundisha falsafa na tafsiri ya Qurani mjini Qom, akafariki Novemba 1981. Wapo watu wa Dar es Salaam waliosoma kazi yake bila hata kuwaza Tehran: tafsiri yake ya Qurani, Al-Mizan, yenye mijalada 20 ya Kiarabu, mijalada yake ya mwanzo iliwekwa kwa Kiingereza na Sayyid Saeed Akhtar Rizvi, yule sheikh wa Bilal Muslim Mission aliyeishi na kufia Dar es Salaam mwaka 2002. Kwa hiyo jina lile kwetu si geni. Tabataba'i alikuwa msomi wa kweli, sina neno naye. Ila hakuwa mhasibu, hakuwa mtu wa bima wala wa magazeti, na vile vyuo vidogo havikuwa vyake. Jina lake liliwekwa juu yao kama kawa juu ya sinia: zuri, limefunika kila kitu.

Linganisha na mkubwa wao, Chuo Kikuu cha Tehran. Nacho ni muungano! Sheria ya 1934 ilipokianzisha, vitivo vyake kadhaa vilitokana na shule zilizokuwapo. Sheria na siasa ilikuwa na mizizi kwenye shule ya siasa iliyofunguliwa 1899. Udaktari ulitokana na Dar al-Funun, chuo alichokiasisi waziri mkuu Amir Kabir, kilichoanza kufundisha mwaka 1851. Na watu wa Chuo Kikuu cha Tehran hawafichi. Dar al-Funun wanaitaja kama mtu anavyomtaja babu aliyekwenda Hija kwa miguu.

Mbona basi huku mababu wanatajwa kwa majina na kule wanatajwa kwa idadi? Jibu langu ni kwamba mababu wa 1984 walikuwa na aibu ya kisiasa. Mmoja ameanzishwa na binti wa Kikajari aliyesoma Marekani, mwingine na mwenye gazeti wa enzi ya Shah. Amir Kabir aliuawa na mfalme, kwa hiyo kila utawala unaweza kumpenda. Hawa waliokimbilia ng'ambo utawaweka wapi kwenye hotuba ya mahafali? Ni rahisi kusema "taasisi 32" ukapita.

Hata hivyo majengo hayana siasa, na majengo yamekataa kusahau. Chuo kimejikusanya zaidi magharibi mwa Tehran, kwenye Kijiji cha Olimpiki karibu na uwanja wa Azadi, eneo lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Asia ya 1974. Lakini kitivo cha uchumi kimekaa katikati ya mji, kwenye barabara ya Beheshti, mbali na wenzake. Ukitazama ramani yake unaona mshono, kama kanzu iliyoshonwa kwa vipande vya vitambaa tofauti: kwa mbali ni nguo moja, ukisogea unaona hapa uzi umekaza, pale umelegea.

Na faida zipo, nizitaje bila uchoyo. Shule ndogo inayotegemea gazeti moja au kampuni moja haiwezi kukusomesha hadi uzamivu. Haina maktaba ya kutosha, haina walimu wa kukusimamia, na mwanzilishi akiugua nayo inaugua. Motamednejad alibaki Iran, akafundisha kwenye chuo kipya, na kwa sehemu kubwa ni kwa jasho lake mawasiliano yakawa fani yenye uzamili na uzamivu. Alifariki 2013 akiwa anaitwa baba wa taaluma hiyo nchini mwake. Kile chuo cha gazeti kingebaki peke yake, nina shaka kama kingemfikisha huko. Lakini tazama aliyeubeba ule uzi kutoka chuo cha zamani hadi kipya: ni mtu, si waraka wa wizara. Shule ya ustawi wa jamii haikuwa na bahati hiyo. Mtu wake alikuwa ng'ambo.

Jirani zetu Rwanda walifanya jambo la namna hii mwaka 2013, taasisi saba za umma zikawa Chuo Kikuu cha Rwanda. Walikuwa na amani ya kukaa vikao, na bado mtu aliyesoma kile chuo cha zamani cha mjini Butare ukimuuliza alisoma wapi atakujibu Butare. Sisi Afrika Mashariki tulikwenda kinyume, mwaka 1970 tulikivunja Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kikawa Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Kuvunja kuna faida moja: kila mmoja anaondoka na jina lake.

Kuna shule moja Tehran iliyoponyoka kwa namna ya kunichekesha. Ni ile ya bima. Ilikuwa tunda la ushirikiano wa kiuchumi wa nchi tatu, Iran, Uturuki na Pakistan, na ushirikiano huo ulipofufuliwa mwaka 1985 kwa jina la ECO, shule nayo ikavaa jina hilo. Leo iko chini ya Allameh Tabataba'i, lakini bado inaitwa Chuo cha Bima cha ECO. Mwanamke aliyepita magerezani na wanafunzi wake hakupata ulinzi huo, mwenye gazeti hakuupata, bima imeupata, kwa sababu ilikuwa na wajomba nje ya mipaka ambao wangeuliza: mtoto wetu mmempeleka wapi?

Mimi sina wajomba Uturuki. Nilichofanya ni kurudi dirishani wiki iliyofuata na barua ya zamani yenye kichwa cha chuo changu, karatasi imegeuka rangi ya chai, na muhuri ambao nusu yake imefutika. Kijana akaisoma polepole. Akamwita mwenzake mtu mzima kutoka chumba cha nyuma, akaja na miwani yake imening'inia kifuani, akaitazama barua, akanitazama mimi.

"Ah," akasema, "si ungesema mapema ni kile cha pale kwenye mikorosho."

Akagonga muhuri.