Miaka mitano kwao, miezi kumi na miwili kwetu

Mfanyabiashara mmoja wa Chake Chake, mtu ninayemheshimu kama kaka yangu, alinionesha juzi barua ya kukataliwa ombi lake la kurejeshewa ushuru wa forodha. Ankara ya muuzaji wake ilikuwa imeshajumuisha nauli ya meli na bima, lakini wakala alipojaza tamko la forodha aliiongeza nauli ile ile kwa mara ya pili, na ushuru ukatozwa juu ya thamani isiyokuwepo. Kosa lenyewe halikupingwa na mtu yeyote. Barua ilieleza tu kwamba miezi kumi na miwili tangu tarehe ya malipo imeshapita, na kwa hiyo ombi halipokeleki. Kwa sheria barua ile haina kasoro, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Tuipige hesabu ili tuone ni mali kiasi gani tunayoizungumzia. Mzigo umenunuliwa kwa dola 18,000, na ndani ya bei hiyo nauli ni dola 3,000. Nauli ikihesabiwa tena, thamani ya forodha inapanda hadi dola 21,000, na ikiwa bidhaa ziko kwenye kiwango cha asilimia 25, ushuru unakuwa dola 5,250 badala ya 4,500. Dola 750 zimekwenda kwa mstari mmoja wa fomu, na bado hatujagusa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ambayo nayo hukokotolewa juu ya thamani na ushuru kwa pamoja. Kwa mwenye duka la kawaida, hiyo ni faida ya kontena zima au sehemu yake kubwa.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo ndiyo inayotumika Unguja na Pemba kama inavyotumika Mombasa na Dar es Salaam, inatambua kwenye kifungu cha 144 kwamba ushuru uliolipwa kwa makosa unarejeshwa, na vile vile ushuru wa bidhaa zilizoharibika au kuibiwa safarini, au zilizoharibika zikiwa bado mikononi mwa forodha. Kifungu hicho kinamwamuru Kamishna wa Forodha kurejesha. Hakisemi kwamba akipenda atarejesha. Sharti lake ni kwamba mdai awasilishe dai lake ndani ya miezi kumi na miwili tangu alipolipa. Sasa kisome kifungu cha 135 cha sheria hiyo hiyo. Ikiwa forodha ndiyo iliyotoza pungufu, au iliyorejesha fedha isivyostahiki, inayo miaka mitano ya kumfuata mfanyabiashara na kumdai tofauti, na pakiwa na udanganyifu hata ukomo huo hauikingi shingo yake.

Kosa ni la aina moja, kwenye tamko moja, pengine kwenye kontena moja, lakini anayepunjwa akiwa ni Serikali anapewa miaka mitano, na anayepunjwa akiwa ni mwenye duka anapewa mwaka mmoja. Nimetafuta sababu ya tofauti hiyo na kila ninayoelezwa hainitoshelezi. Huelezwa kwamba ushahidi huchakaa na madai ya zamani ni taabu kuyahakiki. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka muingizaji atunze nyaraka zake kwa miaka mitano ili maofisa wakija kukagua wazikute. Ikiwa ankara yangu inatosha kunihukumu katika mwaka wa nne, itakuwaje haitoshi kunitetea katika mwaka wa pili?

Tena tuzingatie namna makosa haya yanavyogundulika. Mfanyabiashara wa Wete au Mkoani mara nyingi mzigo wake hutolewa Unguja na wakala, na karatasi hubaki kwenye kabati la wakala huyo huku bidhaa zikivushwa kwenda Pemba. Yeye huambiwa jumla ya fedha anazotakiwa kulipa, naye hulipa kwa sababu siku za kontena kukaa bandarini zina gharama zake. Kosa huonekana pale anapofunga hesabu za mwaka, au anapoagiza mzigo wa pili unaofanana na wa kwanza na kushangaa kwamba ushuru umeshuka. Wakati huo miezi kumi na miwili imekwisha au inakaribia kwisha, na bado atatumia wiki nyingi kumwomba wakala ampe nakala za nyaraka ambazo kwa haki ni zake tangu siku ya kwanza.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba wapo wanaoleta madai ya uongo na kwamba fedha ya umma hairudishwi kwa neno la mdomo. Hilo ni hoja ya kuhakiki dai kwa ukali. Si hoja ya kulifungia mlango dai la kweli.

Maadamu sheria bado iko hivyo, ninawasihi ndugu zangu waingizaji wa bidhaa wasiiache haki hii ife mikononi mwao. Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku mzigo unapotoka, dai kwa wakala nakala ya tamko lote, ankara, hati ya shehena, cheti cha bima na stakabadhi ya malipo, kisha ukae na karatasi hizo mezani kabla ya kuzifungia. Tazama kwenye ankara kama bei imeandikwa CIF au FOB, yaani bei ya bidhaa bila nauli ya meli wala bima. Ikiwa ni CIF, nauli na bima zimo humo, na kwenye tamko hazipaswi kuipandisha tena jumla. Tazama kiwango cha kubadilishia fedha, idadi ya vitu na msimbo wa bidhaa, yaani namba inayoamua kiwango chake cha ushuru, kwa sababu msimbo ukikosewa tarakimu chache tu, bidhaa ya asilimia 10 hutozwa asilimia 25. Kazi hiyo inachukua jioni moja.

Ukiona kosa, andika. Usipige simu, na usitosheke na ahadi ya wakala kwamba atazungumza na mtu wake. Dai liwe na namba ya tamko, tarehe ya malipo, kiasi ulicholipa, kiasi ulichostahiki kulipa, na maelezo mafupi ya mahali kosa lilipo, pamoja na nakala za ushahidi. Hakikisha unabaki na uthibitisho wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu mzozo ukizuka tarehe hiyo ndiyo itakayokuokoa. Kwa mzigo ulioharibika safarini, omba ukaguzi ufanyike kabla haujatoka bandarini. Ukishaufikisha ghalani kwako, ni vigumu sana kuthibitisha kwamba haukuvunjikia barabarani.

Ukikataliwa, kifungu cha 229 kinakupa siku 30 za kuomba Kamishna aupitie upya uamuzi huo, naye ana siku 30 za kukujibu kwa maandishi, na akinyamaza hadi siku hizo zikaisha, sheria inahesabu kwamba ombi lako limekubaliwa. Ni wachache mno wanaokijua kifungu hiki. Asiyeridhika na jibu ana siku 45 za kukata rufaa kwenye baraza la rufaa za kodi.

VAT ya bandarini ina njia yake, na aliyesajiliwa huidai kwenye ritani zake za ZRA, yaani Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Wanaosafirisha nje bidhaa walizozitengeneza kwa malighafi iliyolipiwa ushuru wanacho kifungu chao cha kurejeshewa ushuru huo, cha 138, nacho kinastahiki makala yake peke yake.

Lipo jambo moja ambalo tunalikwepa baina yetu. Wengi hawadai kwa sababu wanaogopa jalada lao kufunguliwa. Mtu aliyeshusha bei kwenye ankara kwa upande mmoja hawezi kusimama kudai alichozidishiwa kwa upande wa pili, na hofu hiyo imetunyamazisha kama kundi, hata wale wenye hesabu safi. Anayetamka bei ya kweli ndiye anayeweza kudai akiwa na moyo mkunjufu.

Ninachokitaka ni kifungu cha 144 kirekebishwe, muda wa kudai uwe miaka mitano kama ule wa forodha, au angalau uanze kuhesabiwa pale kosa linapogundulika. Mabadiliko hayo yanapitia Bunge la Afrika Mashariki, Arusha, ambako Tanzania ina wabunge tisa. Jumuiya za wafanyabiashara za Unguja na Pemba ziwakusanyie wabunge hao madai yaliyokataliwa kwa sababu ya muda peke yake, kila moja likiwa na tamko lake na stakabadhi yake, na ziyapeleke kabla ya bajeti za Juni kuanza kuandaliwa.