Thina Ni Thina

Ndugu yangu anayeishi Uingereza alipokuja likizo Lamu aliniletea boksi la ndege ya kuunganisha. Spitfire, kipimo cha 1/72, maana yake ile ndege ya vita yenye mabawa ya mita 11 na ushei imekondeshwa ikawa na sentimita 16 hivi. Plastiki tupu, na vichupa vitatu vya rangi ya akriliki, kila kimoja kama kidole gumba. Mimi ni karani. Sijapata kuunda hata mashua ya kifuu.

Kuigundisha kulinichukua wiki nzima. Nikampigia simu. Akasema, "Sasa paka. Rangi ukiiona nzito, ipunguze kwa thina yake." Neno "thina" nililidaka. Neno "yake" likanipita kama punda asiye na mwenyewe.

Kwenye duka la vifaa huko Langoni, muuzaji akaniuliza, "Thina ya nini, bwana?"

"Ya ndege."

Akacheka, akaona mimi sicheki, akaacha. "Rangi yenyewe ni ya maji au ya mafuta?"

Nyuma yangu walisimama watu wawili wanaonijua. Sikutaka wanione mjinga. "We nipe ile kali," nikasema. Akanipimia nusu chupa ya soda ya thina ya rangi ya laka, ile wanayonunua mafundi wa maboti ya faiba.

Nyumbani nikakaa chini juu ya mkeka mpya wa mke wangu (nauandika huo mkeka kwa sababu utarudi). Nikamimina rangi ya kijani kwenye kikombe cheupe cha plastiki, vile vya kunywea sharubati kwenye maulidi halafu vikatupwa. Nikatia thina. Rangi ikakatika papo hapo kama maziwa yaliyokamuliwa ndimu: madonge huku, maji huku. Nikadhani thina haitoshi. Nikaongeza.

Kikombe kikaanza kulainika mkononi, kisha kitako chake kikadondoka. Chote kikaenda mkekani.

Tone moja liliangukia bawa la kulia. Nikalifuta kwa kitambaa, na kitambaa, kwa busara zangu, nilikichovya thina kwanza. Rangi ilitoka kweli. Bawa nalo likaanza kunata.

Kufikia hapo harufu ilikuwa imejaa nyumba nzima. Nyumba zetu hizi za mawe ya matumbawe kuta zake ni nene, na harufu ikishaingia hukaa kama mgeni wa mwezi wa Ramadhani. Nikamsikia mke wangu huko ndani akilalamika kichwa, kisha kimya, kisha hatua. Akatokea mlangoni na chetezo, makaa mekundu, udi unafuka, anakuja kuifukuza harufu.

Mvuke wa thina hauhitaji kuombwa mara mbili ukiona kaa la moto. Hilo nilikuwa nalijua. Niliruka nikipiga kelele, "Rudi! Rudi na moto wako!" na katika kuinuka nikajiegemeza kwa mkono juu ya bawa.

Mke wangu alirudi. Alipokuja tena bila chetezo aliutazama mkeka, akanitazama mimi, akasema, "Bwana, ungeniambia tu huupendi." Siku mbili hakuna neno jingine.

Ndugu yangu alinieleza baadaye, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kusuka ukili. Akriliki yangu ilikuwa ya maji: hupunguzwa kwa maji safi au kwa thina iliyotengenezewa hiyo rangi, na ukiitia thina ya laka, utomvu uliomo hugandana. Laka ndiyo inayotaka ile kali, nayo hukauka haraka kwa thina kuruka hewani. Rangi ya mafuta ina tapentaini yake. Plastiki ya ndege ni polistirini, ndugu moja na kile kikombe, kwa hiyo kilichokila kikombe kilikuwa kinalila na bawa. Ukitaka kupaka zote mbili, laka itangulie, ikauke, ndipo akriliki juu yake. Ukigeuza, thina ya laka huichimbua akriliki iliyo chini. Nilimsimulia jirani mmoja, fundi wa vyombo vya baharini wa Matondoni, akashangaa kwamba jambo hilo lahitaji kuelezwa. Yeye sehemu ya chombo inayokaa majini huipaka deheni ya chokaa na shahamu, juu hupaka sifa, yale mafuta ya papa, na hajapata kuzichanganya.

Nikapiga msasa, nikapaka upya kwa akriliki na matone ya maji. Ikatoka vizuri, isipokuwa bawa la kulia: dole gumba langu limejichora pale, mistari yote, kama kwenye fomu ya kitambulisho.

Ijumaa ndugu yangu akapiga simu ya video aione. Nikaishika ndege kwa ubavu wa kushoto, nikawa naisogeza polepole, anasifu. Mwanangu wa miaka mitano akaja akaniegemea begani.

"Baba," akasema, "mbona humwonyeshi ami kidole chako?"