Kubeba amplifaya au kumwachia fundi mitambo? Besi kwenye shughuli ndogo za Mombasa

Mwaka jana tulialikwa kupiga harusini upande wa Bamburi, kando ya bwawa la kuogelea, watu kama 120. Mwenye ukumbi alitutoa wasiwasi mapema: mitambo ipo, nyinyi njooni na magitaa yenu tu. Nikaona raha. Nikapanda tuktuk kutoka Kisauni, gitaa mgongoni na kisanduku cha DI mfukoni, nikafika kazini shati likiwa kavu kwa mara ya kwanza tangu nijiunge na bendi. Tukafungua kwa chakacha. Wimbo wa pili haujafika katikati, mama mmoja aliyekwisha kujifunga leso kiunoni tayari kuingia uwanjani akasogea mpaka jukwaani, akaniangalia vidole, kisha akaniuliza: "Mwanangu, wapiga kweli wewe? Mbona chakacha yenu haina kiuno?"

Nilikuwa napiga, tena vidole vyaniuma. Lakini mitambo yenyewe ilikuwa spika mbili za inchi 10 juu ya stendi, sabufa hakuna, na kati ya spika hizo na bahari hapakuwa na ukuta hata mmoja wa kuirudisha sauti. Besi ilitoka kwenye gitaa ikaenda zake baharini.

Huo ndio ubishi ambao wapiga besi wa hapa hatuumalizi tukikutana. Kwa shughuli za watu 50 hadi 150, yaani harusi, mikahawa ya Nyali na Mtwapa, jioni za hoteli, ni heri ununue amplifaya yako uibebe kila uendako, au pesa hiyo uitie kwenye gitaa zuri na DI, sauti uwaachie wenye ukumbi? Kwa asiyejua, DI ni kisanduku kidogo kinachoipokea sauti ya gitaa na kuiweka sawa ili iende mpaka kwenye miksa kwa waya wa maiki bila kuokota makelele njiani.

Wasiobeba wana hoja, na baada ya aibu ile ya Bamburi bado siwacheki. Gitaa la besi lenyewe lilizaliwa kwa sababu ya mzigo. Mtengenezaji magitaa Leo Fender alipolitoa lake, liitwalo Precision, mwaka 1951 kule California, wapiga besi walikuwa wakihangaika na lile zeze kubwa la kusimama nalo, refu kuliko mpigaji, ambalo halikuingia garini na sauti yake ilimezwa na bendi nzima. Akawapa gitaa la kuvaa begani, lenye vigawanyo shingoni ili noti isiteleze. Ndiyo maana ya jina hilo. Sasa umeshapunguziwa mzigo wa mbao, kwa nini ujitwike wa spika?

Hoja yao ya pili ni tamu zaidi. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za kampuni ya rekodi ya Motown pale Detroit, Marekani, studioni alikuwa akichomeka gitaa lake moja kwa moja kwenye mitambo ya kurekodia. Sauti ile ambayo wapiga besi wa dunia nzima wanaisaka mpaka leo ilipatikana bila amplifaya kusimama mbele yake. Ukimwambia hivyo mtu aliyetoka kununua boksi la spika nne, hukosi kumwona akitafuta maneno.

Kisha kuna fundi mitambo. Amplifaya ikipandishwa sauti kupita kiasi jukwaani, yeye huko nyuma hana la kufanya. Akishusha besi kwenye miksa, jukwaa linaendelea kunguruma, na mwimbaji anakazana mpaka koo linakauka. Mwimbaji wetu aliwahi kuniomba baina ya nyimbo, kwa adabu zake zote: "Kaka, nihurumie." Wati zangu zilikuwa 300 ndani ya mkahawa wenye meza 12. Sikuwa na jibu.

Na mzigo wenyewe si mdogo. Ampeg SVT, amplifaya ya taa, yaani valvu za kioo za kizamani, iliyotoka mwaka 1969 kwa ajili ya majukwaa makubwa, ina wati 300. Kichwa chake peke yake, yaani amplifaya bila spika, kinawatoa jasho watu wawili, na boksi lake la spika nane lazidi kilo 60. Mtu wa Likoni mwenye kitu kama hicho atahitaji mkokoteni mpaka feri, mkokoteni mwingine akishuka, na hamali asiye na haraka. Siku hizi amplifaya za daraja D, aina nyepesi isiyopoteza umeme mwingi kuwa joto, zimefuta sehemu kubwa ya kilio hicho: kichwa cha wati 500 chaweza kuwa na kilo tatu au chini yake, kikaingia kwenye mfuko wa vitabu vya mtoto. Boksi la spika halijapungua kiasi hicho, ingawa sumaku nyepesi za niodimu zimesaidia.

Lakini Jamerson huyohuyo, akitoka studioni kwenda kupiga kwenye vilabu vidogo, alibeba Ampeg B-15, spika moja ya inchi 15 yenye wati zisizofika hata 40. Wenzetu wa DI hupenda kuisahau nusu hiyo ya hadithi. Studioni hakuna ukumbi wa kujaza, na kila mpigaji anasikilizishwa anachokitaka. Kilabuni kuna watu wanaotafuna na kucheka, dramu iko mita moja kutoka sikioni mwako, na mwili unataka kusukumwa.

Hapa pana jambo la kisayansi ambalo lilinichukua miaka kulielewa. Uzi mzito wa gitaa la nyuzi nne, ule wa E, hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Spika ndogo haiwezi kuusukuma mtetemo huo, lakini inaitoa ile midogo inayopanda juu yake, ya 82, ya 123 na kuendelea, na ubongo unaikamilisha noti wenyewe. Ndiyo maana hata kwenye simu unaijua besi inapiga nini. Kwa hiyo pale Bamburi wageni waliisikia besi yangu. Walichokikosa ni uzito wake, ule unaopita kifuani na kushuka. Wimbo wa kusikiliza umekaa mezani huenda usidhurike. Chakacha ni ngoma ya kiuno, na kiuno hakidanganyiki na hesabu za ubongo. Yule mama alikuwa sahihi kuliko mita yoyote ya fundi.

Nje mambo huwa mabaya zaidi. Chumbani kuta na pembe huirudisha sauti nzito na kuiongezea. Amplifaya ndogo iliyoegemezwa ukutani hupiga kama kubwa. Kando ya bwawa au ufukweni msaada huo haupo, na upepo wa kusi ukivuma ndio kabisa. Mtu akikwambia wati 100 zinatosha, muulize kwanza: zinatosha wapi?

Kuhusu wati, wauzaji wametuchezea sana. Kutoka wati 100 kwenda 200 kunaongeza desibeli tatu tu, tofauti ambayo sikio linaiona ni hatua ndogo. Ili sauti ionekane imekuwa maradufu unahitaji wati kama mara kumi. Idadi na ukubwa wa spika, na jinsi zinavyoutumia umeme zinaopewa, mara nyingi ndizo zinazoamua. Halafu kuna mtego wa omu, kipimo cha jinsi spika inavyoukinza umeme. Kichwa kilichoandikwa 500 mara nyingi hutoa hizo 500 kikiwa na mzigo wa omu 4. Ukikiunga na boksi moja la omu 8 utapata kama 300 au pungufu. Muuzaji hatakwambia hilo mpaka umeshalipa. Na ukienda kinyume, ukaunga maboksi mengi mpaka ukashuka chini ya omu zilizoandikwa nyuma, waweza kukiunguza kichwa.

Hoja nzito ya wanaobeba, kwangu mimi, ni kujisikia. Monita, yaani spika ya jukwaani ya mpigaji kujisikiliza, katika kumbi zetu ndogo ni bahati nasibu. Nimepiga hotelini monita ikatoa sauti ya kinanda peke yake usiku kucha, nami nikawa nafuata mguu wa mpiga dramu kwa macho. Bendi za hoteli za Pwani, tangu enzi za kina Them Mushrooms na Safari Sound Band, zimejijengea jina kwa kupiga kila usiku mbele ya wageni wasiozijua, na kazi ya namna hiyo haiendi mpiga besi akibahatisha.

Amplifaya nayo ina adui wake, na hapa Mombasa adui huyo ni stima. Umeme wetu ni volti 240. Shemeji akikuletea amplifaya kutoka Marekani, geuza nyuma usome: nyingi za daraja D zinakubali volti 100 hadi 240, lakini nyingine ni za 120 peke yake, na hizo bila transfoma ya kushusha umeme ni moshi wa sekunde mbili. Kwenye harusi za mahemani jenereta hupumua. Taa zikififia, amplifaya nayo inakohoa. Na waya wa ethi mara nyingi haupo. Nilishawahi kusogeza mdomo kwenye maiki nikiwa nimeshika nyuzi, nikapigwa stima ya midomo mpaka machozi. Ukisikia mvumo, bonyeza swichi ya kukata ethi iliyo kwenye DI. Plagi yenyewe usiikate jino lake la ethi, hata fundi akikwambia ndivyo wafanyavyo wote.

Gitaa lenyewe nalipitia haraka, kwa sababu watu wanalipa muda kupita kiasi. Kwa kazi hizi nyuzi nne zinatosha. Najua vijana wa kanisani watanirukia, wao bila uzi wa tano hawaoni utukufu, lakini uzi wa B unatetema kama mara 31 kwa sekunde, na kwenye spika ndogo hiyo ni tope. Nakubali kwamba waimbaji wengi hupenda funguo zinazouhitaji, na wa tano unampunguzia mpigaji safari za mkono. Uutumie kama una spika za kuubeba. Gitaa lisilo na betri nalipendelea pia: lenye betri lina sauti pana na linarekebishika vizuri, lakini ukizoea kusahau kuchomoa waya, betri ya volti 9 inaendelea kuliwa hata usipopiga, na ikifa Ijumaa saa tatu usiku huko Shanzu utaipata nyingine kwa nani? Yamaha, Ibanez na Squier za bei ya kati zinafanya kazi hii bila kulalamika, mradi fundi azirekebishe shingo. Unyevu wetu unaipinda mbao, na chumvi inazila skrubu za daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa, mpaka hazigeuki. Nyuzi bapa zinastahimili jasho kuliko zile zenye mikwaruzo, na kwa taarabu zina utulivu wake. Wengine wanaziona zimelala. Ni ladha.

Kwa hiyo mimi nimeishia wapi? Nimenunua amplifaya ya kombo, kichwa na spika mbili za inchi 10 ndani ya boksi moja lisilofika kilo 17, na nilihakikisha kwanza ina tundu la kupeleka sauti kwenye miksa. Tundu hilo ndilo linalonifanya niache kubishana. Ukumbi ukiwa na sabufa, naipeleka besi kwa fundi, na kombo naishusha sauti iwe monita yangu tu, mwimbaji ananishukuru. Ukumbi ukiwa hauna, kombo inabeba yote, nimeiegemeza ukutani kama ukuta upo. Naiweka sakafuni nikitaka uzito, na juu ya kiti cha plastiki nikitaka kujisikia, maana magoti hayana masikio. Kwenye kiti uzito unapungua, hilo halikwepeki, na kila ukumbi nauamua upya.

Nakiri kwamba suluhu yangu ina gharama yake. Bei ya kombo ingeninunulia gitaa la daraja la juu zaidi ya hili nililonalo, na kijana anayeanza, aliye na pesa ya kimoja tu, sitamshauri anifuate. Achukue gitaa linaloshika sauti na DI, kisha ajifunze kuuliza. Maana kosa langu la Bamburi halikuwa kwenda bila amplifaya. Niliambiwa mitambo ipo nami sikuuliza mitambo gani. Sasa kila kazi ikija nampigia simu mwenye ukumbi, nauliza mambo mawili: sabufa ipo, na tunapiga ndani au nje? Akianza kusema "usijali, kila kitu kipo," naita tuktuk ya pili.

Zile shughuli za ng'ambo ya feri, Diani na kwingineko, bado zinanishinda. Mwezi uliopita nilikwenda na DI peke yake, sabufa ikawapo, besi ikaja nene kama uji. Wiki mbili baadaye nikaibeba kombo mpaka kulekule, nikakuta ukumbi una mitambo ya kutosha uwanja wa mpira, na wenzangu wakanicheka safari nzima ya kurudi. Kombo ilikaa chini ya kiti cha matatu, nami nikalipishwa nauli ya mtu wa pili.