Kizingiti Kinachozuia Maji Kinamzuia na Bibi

Nyumba ya mama yangu mkubwa, iliyoko Temeke, ina kizingiti cha sentimita 45 kwenye mlango wa mbele. Hakikujengwa kwa siku moja. Kozi ya kwanza, yaani safu moja ya tofali la inchi sita lililolazwa, iliwekwa baada ya mvua za masika kuingia ukumbini na kuharibu godoro. Ya pili ilifuata pale mtaa ulipomwagiwa kifusi na nyumba zote za upande ule zikajikuta ziko chini ya barabara. Ya tatu iliongezwa kwa tahadhari tu, kwa kuwa jirani naye alikuwa ameongeza yake na maji yaliyokataliwa kwake yangetafuta pa kwenda. Maji hayaingii tena. Lakini mama mkubwa, ambaye magoti yake yamechoka na anatembea kwa fimbo, naye hatoki tena mpaka wajukuu wawili wamshike makwapa na kumvusha. Wakiwa shuleni, hukaa ukumbini akisikiliza sauti za barazani kwake mwenyewe.

Naanza na kizingiti hicho kwa sababu mjadala wa makazi yanayofaa vizazi vyote, kila unapoibuka Dar es Salaam, huruka jambo hili na kwenda moja kwa moja kwenye swali la ghorofa au nyumba ya chini. Ni swali halali, na pande zake mbili zina hoja nzito zinazostahili kusikilizwa. Ila nimezidi kuamini kwamba uamuzi wa nani atatoka nje na nani atabaki ndani haufanyiki katika ramani ya nyumba, bali katika kimo cha barabara na njia ya maji.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na wengi wao ni vijana. Kwa hiyo makazi ya wazee huchukuliwa kuwa hoja ya nchi nyingine, zile zenye nyumba maalumu za kutunzia wakongwe. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60, iliiacha familia iendelee kuwa taasisi ya msingi ya matunzo. Maana yake ni kwamba mzee wa Dar es Salaam hategemewi kukaa kwenye mtaa wa wazee. Anategemewa kukaa na mkwe, wajukuu, na mara nyingi wapangaji. Vizazi tayari vinaishi pamoja. Kinachokosekana ni nyumba na mitaa iliyojengwa kana kwamba tunalijua hilo.

Wanaotetea ghorofa wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Jiji limetambaa hadi Bunju, Chanika na Mbagala, na kila familia changa inaposogea pembezoni kutafuta kiwanja, wazazi hubaki Ilala au Magomeni, saa mbili za daladala kutoka kwa mtoto wanayemtegemea. Jengo la ghorofa mahali pale pale pa zamani linaweza kuwarudisha watoto karibu na wazazi bila kuwahamisha wazazi. Jengo jipya pia ni rahisi kusimamia: mteremko wa kiti cha magurudumu, lifti, milango mipana na choo cha kukaa vinaweza kudaiwa kwenye mchoro mmoja kabla kibali hakijatolewa, ilhali nyumba elfu moja zilizojengwa na mafundi elfu moja haziwezi kukaguliwa. Magomeni Kota ilionyesha kwamba hata wakazi wa kipato cha chini wanaweza kurudishwa walikotoka: familia 644 zilizokuwa zikiishi kwenye nyumba za zamani ziliondoka kupisha ujenzi, zikasubiri miaka mingi, na mwaka 2022 majengo mapya yakazinduliwa kwa ajili yao. Si kawaida mradi wa katikati ya mji kumkumbuka aliyekuwepo mwanzo, na kwa hilo unastahili sifa.

Hata hivyo lifti si sehemu ya ukuta. Inakula umeme, inahitaji fundi na vipuri, na siku inapokwama, mzee wa ghorofa ya sita huwa mfungwa kuliko mama mkubwa wangu, maana wajukuu wawili hawawezi kumshusha ngazi mia moja. Sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za majengo inawapa wenye nyumba njia ya kuunda chama na kuchangia matunzo ya maeneo ya pamoja. Lakini kuchangia kunahitaji kipato cha kila mwezi, na hapo ndipo mzee anapokwama. Kwenye nyumba yake ya chini yenye vyumba sita, viwili vya mbele vilipangishwa, na kodi hiyo ndiyo ilikuwa pensheni yake. Kwenye ghorofa anapewa vyumba viwili na sebule, visivyogawika, pamoja na bili ya ulinzi, usafi na lifti. Amepanda juu kwa makazi na kushuka kwa kipato.

Kisha kuna mpango wenyewe wa vyumba. Fleti nyingi zinachorwa kwa kufikiria baba, mama na watoto wawili. Bibi akija, hulala na wajukuu wa kike, na mjukuu wa kiume anahamia kwenye kochi. Ghorofa ya chini, ambayo ndiyo pekee isiyohitaji lifti na ambayo kwa haki ingetengwa kwa wazee na wenye ulemavu, hufanywa maduka kwa sababu maduka yanalipa. Tembea Kariakoo uone: familia zilizokuwa na nyumba za chini zilimpa mwekezaji kiwanja, akajenga, zikapata sehemu zao juu, na mahali ambapo babu alikaa kwenye baraza sasa pana fremu za nguo na marobota yaliyozagaa hadi njiani.

Upande wa pili unaitetea nyumba ya Kiswahili, na mimi nilikulia humo, kwa hiyo msomaji apime maneno yangu akijua hilo. Korido inakata katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele, jiko na choo nyuma. Kila kitu kiko kwenye sakafu moja. Mzee anapangiwa chumba cha mbele, karibu na watu. Mwana akioa anapewa cha nyuma. Fedha zikipatikana, banda linaongezwa uani. Zikipungua, chumba kinapangishwa. Hakuna mchoraji aliyebuni kitu kinachonyumbulika zaidi ya hapo. Uani, mtoto anajifunza kutembea huku bibi akichambua mchele, na hakuna anayehesabu kwamba hiyo ni huduma ya malezi na huduma ya wazee kwa wakati mmoja. Singapore, nchi ya maghorofa, ilifungua Kampung Admiralty mwaka 2018 ikiweka nyumba za wazee, kituo cha watoto wadogo, kliniki na sehemu ya kula katika jengo moja ili vizazi vikutane. Ni kazi nzuri, na inaonyesha gharama ya kukirudisha kwa makusudi kitu ambacho uani wetu ulikuwa ukikitoa bure.

Lakini uani usipambwe kupita ukweli wake. Kuishi pamoja kunamlemea mtu fulani, na mtu huyo mara nyingi ni mkwe wa kike anayepika, kufua na kumwogesha mama mkwe bila faragha wala mapumziko. Au ni bibi mwenyewe, aliyeachiwa wajukuu wanne na mabinti walio safarini. Baba akifariki, nyumba yenye warithi saba huuzwa ili kila mmoja apate chake, na mjane akajikuta mpangaji uzeeni. Kuna pia wazee ambao hawajawahi kuwa na nyumba. Wamepanga chumba kimoja miaka thelathini, hawana sauti ya kumwambia mwenye nyumba aweke hata bomba la kushikia chooni. Mtetezi wa nyumba ya Kiswahili anayemzungumzia mwenye nyumba peke yake amewasahau wengi wa waliomo ndani yake.

Na choo ni jambo la kukaa nalo kidogo. Kiko uani, mwisho kabisa, kina mlango mwembamba kuliko milango yote ya nyumba, ngazi moja au mbili kwa sababu shimo lilijengewa juu ili lisijae mvua, na tundu la kuchuchumaa. Mtu mwenye magoti mabovu hachuchumai. Suluhisho nililoliona katika nyumba nyingi ni kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati, kikawekwa juu ya shimo. Kinasaidia mpaka miguu yake inapoteleza kwenye sakafu yenye maji. Wazee wengine hupunguza kunywa maji jioni ili wasilazimike kuvuka uani usiku. Nyumba inayomfanya mtu aogope kunywa maji haiwezi kusifiwa kwamba iko kwenye sakafu moja.

Sasa turudi kwenye kizingiti, maana hapo pande zote mbili zinakutana. Kipimo kinachotumika sana kwa mteremko wa kiti cha magurudumu ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kimo idai sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 45 kinadai mteremko wa mita 5.4. Uchochoro wa mama mkubwa, kutoka ukuta wake hadi ukuta wa jirani, haufiki mita mbili. Hata tukimletea kiti bora cha magurudumu na fundi hodari, hesabu haikubali. Mlango utashuka tu maji yakiondolewa mtaani, na maji ya mtaa hayaondolewi na nyumba moja. Kila kaya inayojiinua inaisukumia jirani maji, jirani naye anajiinua, na baada ya miaka kumi mtaa mzima umejijengea ngome ambayo wazee wake hawawezi kuivuka. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inadai majengo yanayotumiwa na umma yafikike. Uchochoro wa Temeke unatumiwa na umma kila siku, lakini haupewi jina la jengo.

Jiji hili lina kumbukumbu ya kufanya vizuri zaidi. Katika miaka ya 1990 wakazi wa Hananasif, Kinondoni, walishiriki kwa kazi na michango kujenga mitaro na barabara za mtaa wao bila mtaa kubomolewa. Lina pia kumbukumbu ya njia nyingine: baada ya mafuriko ya Desemba 2011, waathirika wa bonde la Msimbazi walipelekwa Mabwepande, kaskazini ya mbali ya jiji. Kuwatoa watu kwenye bonde kulikuwa na sababu ya uhai na siwezi kuipinga. Lakini kiwanja kikavu kilicho mbali na hospitali, soko na wana waliobaki mjini ni kizingiti kirefu zaidi kwa mzee.

Kwa hiyo, nikilazimishwa kuchagua, ningeweka fedha za kwanza kwenye mtaro kabla ya lifti, bila kuyakataa maghorofa pale yanapomrudisha mkazi wa zamani na kumtengea sakafu ya chini. Mtaro wenyewe una masharti. Ukiachwa wazi, kila nyumba hutupia mbao zake kuvukia, na mbao mbili zinazocheza ni hatari kwa mtoto na kwa mwenye fimbo. Ukifunikwa kwa zege bila mahali pa kufunulia, unaziba kwa taka na maji yanarudi. Vituo vya mwendokasi vilijengwa sakafu yake ikilingana na mlango wa basi, kwa hiyo tunajua kulinganisha vimo tunapotaka. Ustadi ule ule haujafika kwenye mlango wa nyumba.

Mtaa wa mama mkubwa umeahidiwa barabara ya lami. Kwenye kikao cha serikali ya mtaa watu waliuliza fidia, upana na taa, maswali ya haki kabisa, na hakuna aliyeuliza kimo. Endapo lami itamwagwa juu ya kifusi cha sasa bila kwanza kuchimba na kushusha, barabara itapanda tena na nyumba zitabaki bondeni. Mwanawe tayari amenunua tofali za kozi ya nne. Zimepangwa ukutani, chini ya dirisha ambalo mama yake huchungulia nje.